Kona ya Mchanga Karibu na Mlango

Kidole cha mtoto wa miaka mitano hupeleka mchanga kiasi gani kinywani kwa siku moja? Nimewauliza watu waliosoma kuliko mimi, nimejiuliza mwenyewe mara nyingi zaidi, na jibu sina. Ninachokijua ni njia ambayo kidole hicho kilipita, kwa sababu njia hiyo niliichora mimi, kwa chaki nyeupe, juu ya sakafu ya saruji ambayo bado ilikuwa inanuka upya.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Nina shahada ya elimu ya watoto wadogo, na mvi za kutosha kunifanya nisalimiwe shikamoo na watu ambao zamani ningewaita wenzangu. Katika kijiji ninakofundisha, baina ya Kahama na Geita, wanaume wa pale dukani huniita mwalimu wa vidudu. "Chuo kikuu miaka yote ile, ukaishia vidudu?" mmoja wao hunitania kila anaponiona. "Ungesoma kidogo tu, labda wangekupa watu wazima." Nilikwisha kuzoea. Hawajui kwamba kazi hii niliiomba. Nilikulia Ngokolo, mjini Shinyanga, na mwaka wangu wa kwanza wa shule niliumalizia nyuma ya nguzo, kwenye chumba ambacho ubao sikuuona hata siku moja. Nilijifunza kusoma kwa kusikiliza migongo ya wenzangu. Nadhani tangu wakati huo nilikuwa nakisubiri chumba kimoja ambacho ningekipanga mimi.

Kilipopatikana, kilikuwa kimejengwa na kijiji. Wakulima wa pamba na mpunga walileta mawe, wachimbaji walilipia mafundi, akina mama walisomba maji. Mwalimu mkuu, mama aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alinikabidhi ufunguo mkononi mbele ya mlango ambao haukuwa umepakwa hata rangi.

"Humu usiniletee madawati," alisema. "Nataka mgeni akiingia aseme, hapa kuna mtu aliyesoma."

Nilikipanga chumba kile kwa wiki mbili, na sitaficha kwamba zilikuwa wiki za furaha. Niliwaita watoto sita wa majirani, nikawakalisha chini, nikamzungushia kila mmoja mstari wa chaki mahali alipoketi. Kisha nikapima kwa futi kamba kutoka mstari hadi mstari, ili nijue mtoto anahitaji nafasi gani asiguse goti la mwenzake. Nilitembea kwa magoti kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, suruali ikachanika, ili nione chumba kama wao wanavyokiona. Niligundua kwamba kwa urefu ule dirisha halionyeshi kitu ila mbingu, na kwamba ubao ukitundikwa pale alipoupima fundi, mtoto huona mng'ao wa jua tu. Nikaushusha. Fundi alicheka: "Mwalimu, unaandikia kuku?"

Kona ya vitabu niliiweka chini ya dirisha la mashariki, penye mwanga wa asubuhi. Kona ya hesabu, yenye visoda na punje za mahindi, niliiweka katikati ya ukuta mrefu, kwa sababu visoda vina kelele na nilitaka kelele hiyo iwe mbali na vitabu. Kona ya nyumbani, yenye sufuria kuukuu, sahani na mwanasesere wa matambara, ilikuwa nyuma. Kona ya mchanga niliiweka karibu na mlango wa mbele, ili punje zinazong'ang'ania miguuni zitoke nje pamoja na watoto badala ya kusambaa mikekani. Pipa la maji, lenye bomba dogo, nililiweka mwisho kabisa, upande wa pili wa chumba, kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu hapo ndipo sakafu ilipoinamia nje. Na uji ulitolewa kwenye baraza ya mbele, kwa sababu jiko lilikuwa upande huo.

Kila kitu kilikuwa na sababu yake. Ningeweza kuitetea ramani ile mbele ya jopo lolote la maprofesa. Lakini ukiifuata kwa mguu wa mtoto unakuta hivi: mchanga, mlango, uji. Maji yako nyuma yake, ng'ambo ya watoto tisini na wanne.

Mchanga wenyewe haukuwa pambo. Watoto wetu wengi hutoka nyumba ambazo Kisukuma ndiyo lugha pekee, na kalamu wanaiona kwa mara ya kwanza mkononi mwangu. Vibao vya kuandikia vilikuwa vichache, na daftari la mtoto wa umri ule huisha kabla herufi haijasimama. Mchangani mtoto huandika kwa kidole, hukosea, hufuta kwa kiganja, huandika tena, wala hakuna anayemwambia kwamba ameharibu karatasi. Nilihitaji fremu ya mbao ya mita mbili kwa mbili, ijazwe mchanga wa kina cha kiganja. Mchanga wa mtoni wa kwetu una kokoto na vipande vya chupa. Kwa hiyo kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikaomba mchanga laini.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi ana trekta. Husomba maji, mawe, mazao, chochote kinacholipa. Alisimama akajishika kiuno.

"Mwalimu wetu anaomba mchanga," akawaambia watu. "Nchi nzima hii ni mchanga, tunaulala, tunaula kwenye dagaa, na yeye anaomba mchanga!" Watu wakacheka. "Usijali, Mwalimu. Nitakuletea mlaini, wa kumlaza kichanga."

Alitimiza. Siku ya tatu tela lilimwaga mbele ya darasa mchanga wa rangi ya majivu, laini kama unga wa muhogo, usio na jiwe hata moja. Niliusugua kwenye vidole. Niliunusa. Haukuwa na harufu.

"Huu umetoka wapi, Mwenyekiti?"

"Umetoka ardhini, Mwalimu. Wewe ulidhani umetoka mbinguni?"

Nikacheka. Baada ya kucheka sikuuliza tena. Nimefundishwa kwa miaka minne chuoni jinsi ya kupima mwanga, hewa, kimo cha rafu na umbali wa mtoto kutoka kwa mwalimu wake, na nikaupokea mchanga kwa sababu ulikuwa laini, haukunigharimu kitu, na ulikuja na kichekesho.

Kwa wiki saba kona ile ilikuwa roho ya darasa. Watoto waligombania zamu. Nilikuwa nikiona herufi zikinyooka siku hadi siku, na nilikuwa nikiona pia, bila kukitilia maanani, kile ambacho sasa hakinitoki machoni: mtoto akitaka mstari uliokolea, hulamba kidole kwanza. Akitaka kufuta kosa dogo bila kuharibu herufi ya jirani, hulamba tena. Wengi walikuja na michembe mfukoni, viazi vile vilivyokaushwa ambavyo mtoto wa kwetu huvitafuna kutwa, na walikuwa wakiandika kwa mkono uleule uliotoka mfukoni na ungerudi mfukoni. Kengele ya uji ilipogongwa walitoka kwa mlango niliowapangia.

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Kulikuwa na msichana mmoja, mtoto wa mchimbaji, ambaye baba yake alitoka kwenye almasi za Maganzo akaja kujaribu dhahabu. Alikuwa mwepesi kuliko wote mchangani. Alikuwa na subira ya ajabu ya vidole. Siku hiyo nilimkuta amechukua sahani kutoka kona ya nyumbani, ameijaza mchanga na maji, anaizungusha polepole huku ameinamisha kichwa.

"Unapika nini?" nilimuuliza.

"Sipiki. Natafuta."

"Umepata?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mgeni wa mtaa.

"Hauna kitu, Mwalimu. Huu wa matangini. Umeshakunywa dawa."

"Nani kakuambia?"

"Baba. Akirudi nao kwenye viatu mama anamfokea, anamwambia avulie nje."

Kwa asiyeishi huku, nieleze. Mawe ya dhahabu hupondwa, husagwa, kisha huoshwa kwa zebaki kule mwaloni, uwanja wa kuoshea. Mchanga unaobaki bado una dhahabu ndani yake, kwa hiyo hauachwi. Hupelekwa kwenye matangi ya saruji ya mitambo midogo, humwagiwa sianidi na kuloweshwa kwa siku kadhaa mpaka utoe kila ulichokuwa umekificha. Baada ya hapo hauna thamani kwa mtu yeyote. Hurundikwa kando kama vilima vya kijivu, na anayetaka kuzoa huruhusiwa. Nilikuwa nikivipita vilima hivyo kila Jumapili nikienda kanisani. Nilivijua kwa jina. Sikuvitambua vilipoletwa mlangoni kwangu, vimetandazwa ndani ya fremu niliyoipiga randa mwenyewe.

Jioni ile nilimfuata mwenyekiti. Nilimkuta chini ya trekta lake, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mwenyekiti, ule mchanga ulitoka kwenye matangi?"

"Ndiyo." Hakutoa hata kichwa. "Ulitaka niununue?"

"Una dawa ule."

"Ulikaa nje masika mawili, Mwalimu. Dawa gani inayostahimili masika mawili?" Sasa akatoka, akajifuta mikono. "Mimi nyumba yangu nimeipiga lipu kwa mchanga huo. Watoto wangu wanaegemea ukuta huo miaka sita. Yule mkubwa si ndiye aliyekufunga bao juzi kwenye mpira, mbele ya watu? Anaonekana mgonjwa yule?"

"Lipu hawailambi, Mwenyekiti."

"Na huo nani kawaambia waulambe? Wafundishe wasilambe. Si ndiyo kazi yako?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Alikuwa ameleta mchanga bora aliouona katika maisha yake.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika miwani mkononi.

"Una karatasi?" aliuliza.

"Karatasi gani, Mama?"

"Inayosema mchanga ule una sumu. Jumatano ya wiki ijayo tuna wageni kutoka wilayani. Wanakuja kuona darasa lako, siyo sura yangu. Nikiwaambia tumelifunga kwa maneno ya mtoto wa miaka mitano, watanielewaje?"



"Na jambo la pili," akaendelea, kwa sauti ya chini, "ukishawatisha wazazi, hawatauondoa mchanga; watawaondoa watoto. Unajua wanakokwenda wakitoka hapa. Mama zao watawabeba mpaka mwaloni, wakae kwenye mchanga huohuo, na zebaki iko pale kwenye kikopo. Hapa angalau wanakula uji wakiwa kivulini. Kafikirie."

Nilifikiri. Ubaya wa hoja ile ni kwamba ilikuwa kweli. Nimewaona watoto hao mwaloni: wanachezea maji ya kijivu wakati mama zao wamepinda migongo juu ya makarai. Darasa langu lilikuwa njia ya kuwatoa pale, na mimi nilikuwa nimeuleta mwalo ndani, nikauwekea fremu, nikauita kona.

Nilimpigia simu rafiki yangu tuliyesoma naye, anayefundisha kemia kwenye sekondari moja mjini Shinyanga.

"Siwezi kukuambia kwa simu," alisema. "Pengine hakuna kitu. Sianidi jua linaweza kuimaliza. Zebaki ndiyo haina pa kwenda. Lakini ni kiasi gani, hiyo ni kazi ya maabara, na maabara ni safari na miezi."

"Angekuwa mwanao?"



"Mwanangu nisingemweka," alisema. "Lakini ndugu yangu, mimi siko huko. Ni rahisi kusema ukiwa huku."

Basi nilifanya kile ambacho mtu aliyesoma hukifanya akiogopa: nilipanga upya. Nilibaki darasani mchana mzima, nikafuta mistari ya chaki, nikachora mingine. Pipa la maji nililihamishia mlango wa mbele, hatua mbili kutoka kwenye fremu, ili asiwepo mtoto wa kuufikia uji bila kupita bombani. Niliweka kamba ya kuwaongoza. Niliweka sabuni ndani ya soksi na kuining'iniza usawa wa vifua vyao. Niliwatungia wimbo wa kunawa. Kwa siku mbili niliamini nimelitatua tatizo, na niliamini kwa furaha ileile ya wiki zile mbili za mwanzo, jambo linaloniaibisha kuliko mengine yote.

Siku ya tatu bomba lilivuja. Sakafu ya mbele haikuwa na mwinamo, kwa hiyo maji yaliingia kwenye fremu, na mchanga ukawa tope laini, zuri, linaloshika umbo. Watoto walishangilia. Walifinyanga vyungu, ng'ombe, mikate. Walijipaka hadi kwenye viwiko. Niliwatoa mmoja mmoja huku wakilia, na yule msichana aliniuliza kwa nini nimekasirika, akaninyooshea ng'ombe aliyemfinyanga: "Huyu ni wako, Mwalimu." Nilimpokea. Sikujua pa kumweka.

Siku ya nne mkokoteni wa maji haukuja. Wimbo wa kunawa uliimbwa mbele ya pipa tupu, wakakung'uta mikono hewani kwa kufuata maneno, wakaenda kunywa uji.

Ningeweza kuufunika mchanga kwa jamvi nikasema kona imefungwa. Nilifanya hivyo, kwa siku mbili. Siku ya Jumanne mwalimu mkuu alipita, akalitazama jamvi, akanitazama mimi, akasema tu, "Kesho, Mwalimu." Jumatano asubuhi nililiondoa jamvi kwa mikono yangu.

Wageni walikuwa watatu. Walifika wamechelewa, wana njaa, na ni wapole. Walivisifu visoda. Walipiga magoti chini ya dirisha wakasema kweli, vitabu vinaonekana vizuri. Walipofika mlangoni, kiongozi wao, mama mwenye sauti ya kanisani, alisimama.

"Na hii? Mmeibuni wenyewe?"

"Mwalimu wetu huyo," alisema mwalimu mkuu. "Ana shahada."

"Hebu mtoto mmoja atuandikie."

Mikono ilinyanyuka yote. Mgeni akamchagua yule msichana. Pengine kwa sababu hakupiga kelele. Alichuchumaa kando ya fremu, akatengeneza uwanja wake kwa kiganja, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, kisha ya pili. Kwenye ya tatu mkono ulimtetemeka kidogo, mkia ukaenda upande. Akasimama. Akakitia kidole kinywani, akakitoa, akafuta mkia ule kwa uangalifu mkubwa, akakitia tena kinywani, akauandika upya. Simu za wageni zilikuwa zimenyanyuliwa, zinapiga picha.

"Mpigieni makofi mwenzenu!" alisema mgeni.

Walipiga makofi, watoto tisini na zaidi. Mwalimu mkuu alipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Natafuta mpaka leo namna ya kuieleza sekunde ile ambayo viganja vyangu vilikutana, na naona haielezeki kwa hofu wala kwa heshima ya wageni. Nilipiga makofi kwa sababu herufi ilikuwa nzuri.

Walipoondoka na watoto wakaenda zao, nilikaa kwenye ukingo wa fremu. Jua la mchana lilikuwa limekwisha kuiacha kona ya vitabu, kama nilivyokuwa nimekadiria. Nilijaribu kuihesabu hasara, nikashindwa, kwa sababu hasara hii haina dalili. Mtoto anayepatwa na zebaki huku kwetu haanguki. Huenda akachelewa kidogo kuelewa. Huenda mkono ukatetemeka. Na mwalimu wake, miaka mitatu baadaye, atasema huyu ni mzito, atamkalisha nyuma ya nguzo. Hakuna atakayejua kama alizaliwa hivyo, au ni mwalo, au ni visima, au ni mimi. Sitakuja kushitakiwa. Ningeweza kuuondoa mchanga kimyakimya siku ya mapumziko, nikaleta mwingine, na jambo likaishia hapo. Wala mwenyekiti asingeuliza. Hilo ndilo nililokuwa nimelipanga moyoni kwa siku zote zile. Nilipokuwa nimekaa pale niliona kwamba mama mmoja mmoja wa kijiji hiki alikuwa na haki ya kujua mwanawe ameshika nini, ili akimwona akibadilika asidhani amerogwa, asimpige akimwita mvivu, ampeleke hospitali aseme neno lenyewe. Nikikaa kimya, hata neno hilo ningekuwa nimewanyima.

Nilikwenda ofisini kabla mwalimu mkuu hajafunga. Nilimwambia kwamba asubuhi nitautoa mchanga, nitafunga chumba, nitawaambia wazazi mlangoni, na nitawaambia na siku niliyojua.

"Hiyo ya siku inahusu nini?" aliuliza. "Waambie umegundua. Inatosha."

"Haitoshi, Mama."

Alivaa miwani, akaivua. Alionekana amezeeka ghafla.

"Miaka thelathini na nne," alisema. "Sijawahi kukalia kiti cha kuulizwa." Kisha akafungua droo, akatafuta kitu ambacho sidhani kilikuwamo, akaifunga. "Ufunguo unao wewe. Mimi sikukupa ruhusa, na sikukukataza."

Kesho yake nilifika kabla mlinzi hajaondoka. Nilifunga kitambaa puani, nikaulowanisha mchanga kidogo ili vumbi lisiruke, nikaanza kuujaza kwenye viroba kwa beleshi. Vilijaa viroba kumi na vitatu. Nilitoka nje kutafuta pa kuviweka, nikazunguka shule nzima. Upande mmoja kuna shamba la muhogo la shule, upande mwingine kuna kisima, nyuma kuna njia ya watoto, mbele kuna uwanja wao. Hapakuwa na mahali. Nikavirudisha ndani. Nikavipanga katikati ya chumba, mbali na kuta, palepale ambapo mwanzoni niliwazungushia watoto sita mistari ya chaki. Nikafunga mlango wa nyuma, nikafunga wa mbele, nikatandika mikeka kwenye baraza ya darasa la tatu, ambako jua hufika saa tatu na mvua hufika yote.

Wa kwanza kuja alikuwa bibi mmoja na wajukuu zake wawili.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, Bibi. Nina neno." Nilimwambia kwa Kiswahili, nikaona halimwingii, nikarudia kwa Kisukuma changu cha mjini: mchanga waliokuwa wanaandikia ni ule wa matangini, una sumu ndani yake, niliwapa mimi. Alisikiliza kwa adabu. Akautazama mlango uliofungwa, akaitazama mikeka.

"Basi leo hawasomi?"

"Wanasoma. Pale barazani."

"Haya." Akawasukuma mbele, akaenda zake.

Baba mmoja aliniambia nisimharibie siku, yeye hutembea juu ya mchanga huo kutwa. Mama mwingine aliuliza kama uji utakuwapo. Dada mmoja alicheka, akasema, "Mwalimu naye, kumbe nawe unauogopa mchanga," kisha akaacha kucheka, akamnyanyua mdogo wake mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea. Kila mmoja nilimwambia maneno yaleyale. Nilikuwa nimeyapanga yawe machache, yasiwe na kujitetea ndani yake.

Mama wa yule msichana alikuja wakati kengele ya kwanza inagongwa, amebeba karai kichwani, yuko njiani kwenda kazini. Nilimwambia. Aliteremsha karai, akaliweka chini.

"Wa matangini?"

"Ndiyo."

"Wiki zote hizi?"

"Wiki tisa, ukihesabu na hizi mbili za mwisho."

"Wewe umejua lini?"

"Siku kumi na tatu zilizopita. Mwanao ndiye aliyeniambia."

Alimtazama mtoto. Aliushika mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akavitazama vidole kimoja kimoja, akaanza kuvifuta kwa ncha ya khanga, taratibu, ingawa vilikuwa safi. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akamaliza, akajitwika karai, akamshika mtoto kwa mkono uleule, wakageuka, wakashika njia ya mwaloni.

Nilipiga hatua mbili kuwafuata. Lakini baba mwingine alikuwa amefika na baiskeli, mwanawe amekaa mbele kwenye bomba, ananisalimia. Nikaitikia salamu yake, nikamwomba ashuke, nikaanza kumwambia.